Presha kwa Presha

Jumatano, 9 Julai

Felicitas ameondoka jana jioni na meli ya Bukoba. Binti yetu Annet amejifungua mtoto wa kiume. Nimekuwa babu! Furaha hiyo mke wangu ameiharibu kabla hata meli haijang'oa nanga.

Kisa chenyewe: kabla ya safari alinipeleka zahanati kupima presha. Nesi akanifunga ule mkanda mkononi, akatazama, akakunja uso. Iko juu. Punguza chumvi, punguza mafuta, kula maharage na mboga za majani. Felicitas alingoja mpaka bandarini. Pale, mbele ya wachukuzi wa mizigo, akatangaza sheria. Dada yake Teodora ataniletea chakula kila siku. Jumanne nitapimwa tena. Presha isiposhuka, Teodora anahamia kwetu, chumba cha Annet, na atakaa humo mpaka nipate akili.

Mimi! Jovinary Rugemalira, mwalimu mstaafu wa jiografia! Nusu ya Ilemela imejifunza kusoma ramani kwangu. Leo niletewe bakuli kama mahabusu!

Shemeji Teodora ni mjane, mrefu, hacheki. Anakaa chini kidogo ya mwamba ilipojengwa nyumba yetu. Kaja adhuhuri na ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha. Chumvi hakuna. Nikashukuru sana. Alipoondoka nikawamwagia kuku wa jirani yangu Pius. Kuku wakautazama ule mchicha, kisha wakanitazama mimi.

Nimeamua. Nitapika mwenyewe. Nimeshuka mjini na kurudi na presha kuka mpya, ile sufuria inayofungwa ikapika kwa mvuke, inang'aa kama kikombe cha misa. Muuzaji kaapa kwamba maharage yanaiva kabla hujamaliza gazeti. Chakula bora, haraka, mafuta karibu hakuna. Presha nitaishusha kwa presha. Teodora abaki kwake.

Alhamisi, 10 Julai

Makande. Chakula cha afya kuliko vyote: mahindi, maharage, maji, basi. Muuzaji alisema nisipitishe nusu ya sufuria. Wafanyabiashara ni waoga. Nikajaza hadi juu.

Kwanza kimya. Kisha ikaanza kutetemeka. Kisha ikapiga filimbi ambayo nadhani waliisikia uwanja wa ndege. Nikaisogelea ili kuichunguza, na hapo ndipo makande yalipoamua kutoka kwenye kile kitundu cha juu. Dari! Ukuta! Kalenda ya parokia, mwezi Julai wote umefunikwa!

Pius kaja mbio na ndoo ya mchanga. Nikamwambia atulie, ndivyo inavyofanya kazi. Akaniuliza kwa upole kama ninajua nina harage kwenye nyusi. Nikasema najua.

Felicitas kapiga simu. Nikamwambia nimepika makande. Hakuamini. Akauliza kama yamebaki. Nikamjibu kwamba sufuria ni tupu kabisa. Sijasema uongo.

Chakula cha jioni: mkate. Na chumvi kidogo juu yake, kwa ajili ya mshtuko.

Ijumaa, 11 Julai

Leo samaki, sato. Mbichi kabisa, kutoka mwaloni kwa wavuvi asubuhi. Nyanya, kitunguu, ndimu. Nikafunga kifuniko, nikawasha gesi, nikatoka kwenda kununua vocha. Dukani kulikuwa na mjadala juu ya mipaka ya mkoa wa Simiyu. Watu walikuwa wanapotosha. Ningeachaje?

Niliporudi, samaki hakuwepo. Kulikuwa na miba na maji mazito ya rangi ya kijivu. Nimeamua kwamba hiyo ni supu. Supu haina ladha bila chumvi. Nikatia mkono mmoja, mdogo. Nina mikono mikubwa, lakini nilikusudia mdogo.

Teodora akaingia na bakuli lake. Akanusa. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, nilikuwa nimeirudisha motoni kupasha supu, akashika kifuniko. Nikapiga kelele. Nikamweleza juu ya mvuke, mgandamizo wa hewa, na mabonde ya ufa. Alisikiliza yote. Kisha akasema:

"Mama yetu alilea watoto tisa kwa chungu cha udongo, na hakuna aliyepigiwa kelele jikoni. Sufuria gani hii inafungwa kama benki?"

Nikapandwa na hasira. Nikatangaza kwamba kesho jumuiya yetu ya parokia ikija kusali nyumbani kwangu, hakuna atakayegusa mihogo yake ya kila mara. Nitawalisha mimi. Nitaweka sufuria motoni rozari ikianza, na sala ya mwisho itakuta chakula kimeiva.

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alisema tu, "Haya, Mwalimu."

Afadhali angebisha.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa mshindi. Niseme hilo kwanza.

Ndizi na maharage, chakula cha kwetu. Nilijaza sufuria nusu. Si kwa sababu ya yule muuzaji. Ndizi ziliisha.

Jumuiya wakafika alasiri, sebule ikajaa, wengine wakakaa barazani. Teodora ndiye aliyeongoza rozari, matendo ya furaha. Tendo la kwanza, shwari. Tendo la pili, jikoni kukaanza kutoa sauti, chii, chii, chii. Watu wakatazamana. Mimi nikafumba macho kama mtu aliyezama katika sala. Tendo la tatu, tuko Bethlehemu kabisa, ikapiga filimbi.

Mzee Elias, ambaye masikio yake yamechoka, akaitikia "Amina." Bernadeta, mweka hazina, akasema gesi inavuja. Hakusema kwa sauti ya chini. Neno "gesi" likapita sebuleni kama moto wenyewe. Akina mama wakanyakua watoto. Wanaume wakawapita akina mama. Ndani ya dakika moja jumuiya nzima ilikuwa nje juu ya majabali, wengine na viatu vya wenzao. Nilikuwa nje nami, lakini nilitoka kwa ajili ya kuwatuliza watu. Kwamba nilitangulia ni bahati tu ya mahali nilipokaa.

Kupitia dirisha nikamwona Teodora. Hakutoka. Alimalizia Salamu Maria yake, akajifuta magoti, akaingia jikoni, akapunguza moto. Filimbi ikanyamaza. Akarudi, akapiga magoti, akaendelea na iliyofuata. Tukaingia mmoja mmoja, vichwa chini.

Na chakula kilikuwa kimeiva! Kimeiva kupita kiasi, hilo nakubali. Ndizi hazikuonekana, maharage hayakuonekana, vyote vilikuwa kitu kimoja. Watu wakashika vijiko kwa mashaka. Lakini Mzee Elias akaonja, akainua sahani kutaka tena. Na tena. Akasema tangu meno yake yaondoke hajawahi kushiba kwenye jumuiya. Macho yake yalikuwa na machozi. Huo ni ushahidi wa mtu mzima, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya!

Watu walipokwisha kwenda, Teodora alibaki kuosha vyombo. Akasema chumvi ilizidi. Nikacheka. Nikasema chumvi haijawahi kumuua Mhaya.

Hakugeuka. Aliendelea kusugua. Kisha akasema taratibu, "Marehemu wangu alikuwa anacheka hivyo hivyo."

Nikaanza kupanga vijiko ambavyo alikwisha kuvipanga.

"Waitu, shemeji, sina hamu ya kuhamia kwako," akasema, kwa lile neno letu la heshima la Kihaya. "Nyumba yako inanuka makande mpaka darini. Ila nimechoka kuzika watu."

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote na sijawahi kukosa jibu. Nikamwambia sufuria ile huoshwa kwa kitambaa laini, si kwa sifongo cha chuma.

Akachukua kitambaa laini.

Jumapili, 13 Julai

Nimepongezwa mlangoni mwa kanisa. Bernadeta kauliza kama kile cha jana kilikuwa uji mzito au futari. Wivu.

Jumatatu, 14 Julai

Kesho kipimo. Leo nimekuwa mtakatifu. Kisamvu, ambacho kwa sufuria ya kawaida kingenichukua nusu ya siku, kimeiva wakati nikinyoa ndevu. Bila chumvi. Nimekula chote. Ladha yake ni kama kutafuna uzio, lakini nimekula.

Pius kasema vitunguu saumu vinashusha presha. Hakusema vingapi, kwa hiyo nimekula vyote vilivyokuwepo. Kisha nimepanda na kushuka mwamba mpaka magoti yakalia. Mwili ukitendewa haki siku moja, utasahau wiki nzima. Mwili hauna kumbukumbu. Hilo ni wazi kwangu.

Teodora kapita na bakuli. Alisimama mbali kidogo wakati akinisalimia.

Jumanne, 15 Julai

Zahanati. Teodora alinisindikiza, mkoba mapajani, kama anayempeleka mtoto darasa la kwanza. Nesi akafunga mkanda. Akatazama. Akafunga tena kwenye mkono mwingine.

Imepanda! Imepita ya wiki jana!

Nikamweleza nesi kwamba njia ya kuja pale ni mlima. Kwamba mkanda wake umelegea. Kwamba vitunguu saumu vinaweza kuchanganya mashine. Nesi akajiziba pua, akaniuliza ninakula nini na nani ananipikia.

Nikamtazama Teodora. Anajua yote: supu ya chumvi, ndizi za jumuiya, kuku wa Pius walionenepa kwa dona yake. Alikuwa na nafasi ya kunimaliza pale pale. Akaushika mkoba wake vizuri na kusema:

"Anajipikia mwenyewe. Anajitahidi."

Hakuna aliyewahi kunitendea ukatili kama ule. Njia nzima ya kurudi sikuweza kumgombeza.

Nimepewa vidonge, kimoja kila asubuhi, siku zote. Felicitas kaambiwa kwa simu. Nilisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa ziwa, na simu haikuwa sikioni mwangu.

Jumatano, 16 Julai

Kahamia. Sanduku moja, mto wake mwenyewe, na picha ya marehemu, ambayo kaiweka juu ya kabati, inanitazama. Kidonge nimemeza, kwa sababu alisimama mlangoni mpaka nikameza.

Halafu akaingia jikoni, akaichukua presha kuka yangu. Yangu! Bila kuuliza. Akatia maharage yaliyolowekwa tangu jana, nyanya, karoti, kitunguu, pilipili hoho, akaacha nafasi juu, akafunga, akapunguza moto ilipoanza kuimba, akazima, akasubiri mvuke utoke wenyewe. Juu akakamulia ndimu. Nikauliza nani kamfundisha. Akasema ni mimi: alinitazama nikikosea, akafanya kinyume.

Nimekula sahani mbili. Chumvi sikuikumbuka mpaka nilipokuwa naosha mikono.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini na hitimisho ni moja tu. Nimezaliwa mwalimu wa mapishi. Mwanafunzi wangu wa kwanza, mkaidi kuliko wote, kafaulu! Kipaji kama hiki hakiwezi kufungiwa nyumbani. Nimeshazungumza na Pius na Mzee Elias. Jumamosi naanzisha darasa la wanaume wastaafu, barazani kwangu: Chakula Bora kwa Presha Kuka. Wamekubali wote wawili, ingawa Mzee Elias nadhani anafikiri ni mazishi.

Somo la kwanza ni kitimoto, nyama ya nguruwe. Cha kukaanga, mafuta mengi, kifuniko kikiwa kimefungwa barabara. Pius kaniuliza kama hilo linawezekana. Nikamjibu kwamba hayo ndiyo maswali yanayorudisha nchi nyuma.

Shemeji nimempangia safari ya Magu siku hiyo, akaninunulie mchele.