Sista Devotha Auache Mkono Wangu

Huseni Sadallah,
Dungu la tatu kutoka mtoni,
Kitongoji cha Mpungani,
Kibiti.
24 Mei 2025

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya,
Hapa hapa kwetu.

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA SISTA DEVOTHA KWA MANUFAA YA BEGA LANGU

Daktari Rafaeli, mwanangu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Mimi ndiye yule mzee wa betri ya moyo. Kama sura yangu umeisahau, utaikumbuka kanga, maana mkono wangu wa kushoto umefungwa kifuani kwa kanga ya mke wangu Mwanaharusi tangu Februari. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa mkono wa kulia, ambao kwa bahati nzuri haujapata muuguzi.

Nikukumbushe tulikotoka. Februari nilikuwa napanda ngazi ya dungu, hiki kibanda cha juu ya miti tunachokaa msimu mzima kulinda mpunga. Nikaona giza, nikaanguka. Mwanaharusi alinikuta matopeni akadhani nimekwisha. Mkanipima, moyo ukakutwa unapiga mara thelathini na mbili tu kwa dakika, mkanikimbiza Dar es Salaam. Huko wakanichana chini ya mtulinga, wakanitia kidude bapa, kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya mbili zinazoingia moyoni. Daktari wa huko akaniambia nisiinue mkono wa kushoto kupita bega kwa wiki sita, ili nyaya zishike.

Hapo kwenye kushika ndipo ugomvi ulipoanzia. Mimi ni mkulima wa mpunga, naijua shughuli ya kushika. Ukipandikiza mche huuvuti kila siku kuangalia kama umeshika, unauacha mpaka mavuno. Nikaona wiki sita ni hesabu ya watu wanaonunua mchele dukani. Mpunga wetu hukaa miezi mitano, basi na nyaya zangu nikazipa miezi mitano. Nani hapo amekosea? Sista Devotha, muuguzi wako, anasema ni mimi. Anadai nyaya zilishashika zamani, na kinachoniuma sasa si kidonda, ni bega lililoganda kwa kukosa kazi. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Ananiumiza. Sikatai, siku za mwanzo maumivu yalikuwa na haki yake. Nikikohoa kidonda kinavuta, nikicheka kinavuta, nikilalia ubavu wa kushoto kidude kinanikumbusha kuwa hatuko wawili kitandani, tuko watatu. Hayo yalikwisha kwa panadoli na uji wa Mwanaharusi. Haya ya sasa yanafika kwa pikipiki kila Alhamisi, yamevaa sare nyeupe, yananiita Babu na kuniambia tusogee kidogo tu. Daktari, hicho kidogo chake sijawahi kukiona mwisho.

2. Ameharibu nguzo ya dungu langu. Ananisimamisha hapo nitembeze vidole kwenda juu, nikikwama anachora mstari kwa chaki na kuandika tarehe. Mistari imefika saba. Majirani wamedhani napima maji ya mto, na wawili wameshahamisha kuku wao. Hofu hiyo ya mafuriko katika kitongoji kizima inatokana na bega la mtu mmoja, na mwenyekiti hajaambiwa.

3. Amemteka mke wangu. Tumekaa na Mwanaharusi miaka thelathini na nane, hajawahi kunificha kitu. Sasa ameambiwa na Devotha aning'inize redio na sukari darini, upande wa kushoto. Nilipovitungua kwa mkono wa kulia, kesho yake nikakuta vyote vimo ndani ya tenga zito lisiloshuka kwa mkono mmoja. Siku tisa nimekunywa chai kavu, na habari za dunia sina. Kama kuna vita, naomba mtu aniambie.

4. Amemchochea Shedrack. Huyu ni Mnyamwezi wa duka la barabarani, mtani wangu, na utani wake nauvumilia kama ada. Nilipotoka hospitali alikuja kunipa pole akiwa na chaja ya simu, akaomba aonyeshwe tundu. Watu wakacheka, nami nikacheka, kidonda kikavuta. Lakini tangu Devotha amwambie kwamba mkono ni mzima, Shedrack hupita hapa kila asubuhi kutangaza kwamba Huseni amefunga kanga kwa sababu ana mimba, na anauliza watoto wanazaliwa na betri ya saizi gani. Kwenye msiba wangu ana haki ya kusema atakalo. Lakini sijafa, jamani, angesubiri!

5. Ameingia msikitini. Hakuingia kwa miguu, ameingia kwa hoja. Nikisali nilikuwa nainua mkono mmoja wakati wa takbira, na Imamu Ismaily aliniambia udhuru wangu unakubalika. Devotha, Mkatoliki aliyebatizwa Bukoba, akamwendea imamu kumuuliza udhuru huo unaisha lini. Imamu akafikiri, akasema unaisha pale tabibu atakaposema umeisha. Devotha akasema yeye ndiye tabibu, na umeisha. Tangu lini, Daktari, watu wa kanisani wakashinda kesi msikitini kwetu? Na Ijumaa safu nzima ilikuwa inautazama mkono wangu badala ya kumwomba Mungu.

6. La sita sikutaka kuliandika, ila nikiliacha utaniona mzee mkaidi tu. Alhamisi iliyopita Devotha aliacha kunivuta, akaketi, akaniuliza naogopa nini. Akaniuliza mbele ya Mwanaharusi! Nikasema siogopi. Uongo. Naogopa, mwanangu. Naogopa nikiinua mkono waya utachomoka, moyo utasimama, na Mwanaharusi atanikuta tena matopeni. Mara ya kwanza alipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakasikia. Sitaki apige kelele ile tena. Dungu langu lina kamba mbili za makopo ya kufukuzia ndege, ya kulia na ya kushoto, na hii ya kushoto inavutwa kutoka juu, usawa wa paa. Mpunga umetia maziwa, na ndege wameshanijua, wanatua kushoto tu. Mwanaharusi ndiye anayeivuta kamba hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi. Viganja vimechubuka, sauti imemkauka, na mpunga huu ndio chakula chetu cha mwaka mzima. Naona haya kumtazama. Sasa muuguzi mwenye adabu angeliona hilo, akanyamaza. Yeye akauliza.

Kwa hiyo naomba Sista Devotha ahamishiwe idara ya mifugo, akanyooshe ng'ombe, ambao hawana wake wala imamu. Hilo likishindikana, naomba kihamishwe kituo kizima, naye aende nacho. Na hilo nalo likiwa gumu, basi niandikiwe cheti chenye mhuri kwamba mkono wa kushoto wa Huseni Sadallah umestaafu rasmi baada ya kulitumikia taifa, usidaiwe kazi na mtu yeyote, na Shedrack apewe nakala aibandike dukani.

Nisalimie wote hapo kituoni: mlinzi wa getini, binti wa maabara anayenitoboa huku ananipa pole, na mama wa mapokezi anayeniandika Husna kila nikija. Mwanaharusi anawasalimu kwa ishara, sauti hana. Devotha simsalimii. Ndiye aliyekubali kuileta barua hii, na ili asiichungulie nimeibandika bahasha kwa ubwabwa.

Ni mimi ninayeponywa kwa nguvu,
Huseni Sadallah

NYONGEZA, NYUMA YA BAHASHA

Daktari, nimeshabandika, ndiyo maana naandika huku nje. Mwanaharusi alishuka kuchota maji. Kweleakwelea wakaja, wingu zima, wakatua kushoto. Sikufikiri. Nilipopata akili nilikuwa nimesimama, nimeikamata kamba ya kushoto kwa mkono wa kushoto, juu kabisa, makopo yanalia shamba zima na mimi natukana ndege mpaka nimekauka sauti. Wameondoka wote. Mwanaharusi alikuja mbio, akauona mkono ulipo, akaketi kwenye ngazi akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mkono sikuushusha, nilikuwa naogopa hata kuushusha. Akapanda akaushusha yeye, taratibu. Nimehesabu moyo: mara sabini. Nimehesabu tena: sabini.

Kanga nimemrudishia mwenyewe. Sukari nimeitungua.

Usimhamishe.

Na wewe Devotha, najua unasoma hapa. Bega linauma vibaya, Alhamisi njoo na panadoli. Chaki usilete, nguzo imekwisha.