Bosi Kasema Tufuate Mto

Jumatatu, 4 Machi

Kibonge kachovya simu ya baba yake kwenye uji, sasa hivi, kisha akaniangalia kama aliyenipa zawadi. Mwanangu huyu ana mkono wa baraka. Maana nilipokuwa naifuta, simu ikaita. Bosi. Baba Kibonge alikuwa bafuni, nikapokea mimi.

Bosi kasema kesho magodoro yapelekwe kwenye nyumba ya wageni kule bondeni, na kabla ya kuondoka Baba Kibonge, dereva wake, afuate mito ghalani. Akakata.

Neno hilo nikalitafuna. Njia fupi ya bondeni inakata mashamba, vumbi tupu. Njia ndefu inashuka pwani, inaambaa na bahari, halafu inapanda na mto mpaka mlangoni. Mimi bahari sijaiona. Niliahidiwa tangu uchumba. Wifi yangu, fundi cherehani, alipelekwa siku moja tu na mteja wake, basi hatupumui. Nikitia chumvi kwenye mboga, atasema chumvi ya kweli iko baharini.

Baba Kibonge alipotoka nikamwambia bosi kasema ufuate mto. Sijadanganya. Nimepunguza tu ghala, na mito nimeifanya mmoja. Akakuna kichwa, akasema njia hiyo ni ndefu. Nikasema bosi ni bosi. Tena mimi na mtoto tutakusindikiza usije ukasinzia.

Kakubali.

Jumanne, 5 Machi, asubuhi

Wifi kasikia. Kaja na kibegi na miwani ya jua, anadai kiti cha mbele, eti yeye ndiye mwenyeji wa bahari. Nikamwambia kwa upole, wifi yangu, na mgongo wako huo wa cherehani nikukalishe kwenye kiti kigumu? Nyuma kuna magodoro mapya, utakwenda kama bibi harusi. Akanitazama. Akapanda. Baba Kibonge akafunika turubai.

Jumanne, mchana

Nimeiona.

Barabara ilikata kona, miti ikaachia, na bahari ikawa imetandazwa upande wangu wote, kama kitambaa ambacho hakuna fundi aliyethubutu kukikata. Baba Kibonge akapunguza mwendo bila kuambiwa. Akasema haya, mama, ndiyo hiyo. Kibonge akapiga kioo kwa viganja, maji, maji, akidhani anakwenda kuogeshwa. Nililia kidogo. Si kwa huzuni.

Tukashuka, nikamchovya Kibonge miguu. Akaonja. Akakunja uso, akaonja tena. Nyuma wifi anakoroma. Baba Kibonge akauliza tumwamshe. Nikasema aa, usingizi ni afya.

Kisha mto. Unapanda nao kona kwa kona, mara uko kulia, mara unapita chini ya daraja unazuka kushoto, kama mtoto anayejificha huku anacheka. Ng'ombe wamesimama ndani, maji magotini, hawana habari na mtu. Baba Kibonge akaanza kuimba. Sijamsikia akiimba tangu Kibonge azaliwe.

Jumanne, jioni

Tumefika. Turubai likafunguliwa, wifi akatoka shingo imekwenda upande, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Akauliza bahari iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, kule tulikotoka. Akavimba. Halafu, mbele ya mwenye nyumba ya wageni, akasema watu gani nyie, magodoro gari zima na hata mto mmoja wa kuwekea kichwa hakuna?

Mwenye nyumba akageuka. Akasema kweli, mito yangu iko wapi?

Baba Kibonge akaniangalia. Akarudia polepole, ufuate mto. Nikamwekea Kibonge kofia vizuri. Nikasikia mtu anacheka. Ni yeye, kaegemea tairi, machozi yanamtoka. Wifi hakucheka. Shingo haikumruhusu.

Jumatano, 6 Machi

Nyumbani. Bosi kafoka mpaka majirani wamesikia, halafu kasema mito ipelekwe kesho. Kesho! Nimeshafua nguo za Kibonge na taulo nimelitoa. Wifi naye nimemwambia, safari hii mzigo ni mito mitupu, shingo yako haitakuwa na la kulalamika. Anafikiria.

Baba Kibonge ananiita. Bosi yuko kwenye simu, anataka leo nimsikie kwa masikio yangu mwenyewe: njia fupi. Sawa, nitasikia. Ila fupi na fukwe, simu ikikwaruza kidogo, mtu yeyote anaweza kuchanganya.