Malalamiko Juu ya Mwanafunzi Wenu Aliyebeba Kinu Chetu

Yaguarón, Jumanne

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Famasia,

Natumaini u mzima. Sisi huku tu wazima kuliko tulivyoomba, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Jina langu ni Isabelino Cantero, umri miaka themanini na mmoja, elimu darasa la tatu, ambalo nililisoma mara mbili, kwa hiyo hesabu la nne. Muuguzi wa kituo chetu cha afya ametuambia kwamba Ijumaa mtakaa kikao kuamua kama mwanafunzi wenu, Liz Benegas, atapewa cheti chake cha mafunzo ya vitendo au atafukuzwa, kwa kuwa aliondoka kituoni saa za kazi bila ruhusa ya msimamizi wake. Mmetaka na wagonjwa wake waseme neno. Wagonjwa tumekaa. Neno letu ni: afukuzwe. Don Crispín, jirani yangu, amesisitiza, "Andika kwa hasira, Isabelino, usije ukamlambalamba mkubwa wa watu." Ña Deolinda, bibi wa nyumba ya tatu, akadakia, "Mwambie katoto ka juzi kanatufundisha kumeza!" Basi naandika kwa hasira, kama nilivyotumwa. Sababu zetu ni hizi.

1. Alikuja Jumatatu ya wiki juzi bila kuitwa, koti jeupe, viatu vyeupe, katika udongo wetu huu mwekundu. Hapo tu mngeanza kuitilia shaka akili yake. Akaniambia, "Mzee wangu, naomba uniwekee mezani dawa zote zilizomo humu ndani." Nikaziweka. Zilikuwa aina kumi na nne, nami nikakaa nikingoja pongezi, maana katika njia yetu yote anayenifuatia ni Crispín mwenye tisa, tena hizo kazipata kwa operesheni mbili. Binti akasoma, akaandika, akakuna kichwa, akabakisha nne. Nne, Mheshimiwa! Mzee mwenye dawa nne ana tofauti gani na kijana? Na miongoni mwa alizoziondoa ni za marehemu mke wangu, aliyetutoka miaka sita iliyopita na hajarudi hata siku moja kulalamika kwamba hazikumfaa.

2. Jumamosi akarudi, akatukuta kwenye terere, chai yetu ya baridi. Ninyi wa mjini kila mtu hunywa terere yake kwenye chupa yake kama anayeficha kitu. Sisi ni pembe moja ya ng'ombe, mrija mmoja, jagi moja la maji ya barafu, na pembe inazunguka mdomo kwa mdomo mpaka majani yachoke. Ndani ya jagi tunatia majani ya dawa yaliyotwangwa kinuni: mnanaa, mchaichai, na mzizi wa kufungua mkojo. Sasa, daktari aliniambia vidonge vyangu nitumie na maji mengi. Mimi ni mtu mtiifu. Maji mengi kushinda ya terere yako wapi? Nikavitwanga humo humo. Crispín akaleta vyake vya presha, Deolinda vyake vya usingizi, mimi nikatoa vyangu vya sukari, tukawa chama cha ushirika. Kila mtu alitibiwa kidogo ugonjwa wake na kidogo ugonjwa wa mwenzake, wala hakuna aliyebaguliwa. Miezi mitano tuliendesha hospitali nzima bila foleni. Binti alipouona ule unga mweupe kwenye mchi alikaa chini kama aliyeambiwa kuna msiba. Kisha akauliza, "Mzee, nani mwingine anakunywa hapa?"

3. Nikamwonyesha kitukuu changu Araceli, wa miaka mitano, aliyekuwa amelala kwenye bembea ya wavu. Binti hakuomba ruhusa kwangu wala kwa msimamizi wake wala kwa mtakatifu yeyote. Alimnyakua mtoto usingizini, akamsimamisha barabarani mwuza chipa, ile mikate yetu ya jibini, akapanda pikipiki yake juu ya kapu la chipa moto, wakatokomea kuelekea hospitali ya wilaya. Huku kwetu mtu akibeba mtoto wa watu hivyo tunamwita mwizi. Chipa zenyewe zilisagika zote, na mwuza chipa hadi leo anasimulia kama aliyetoka vitani.

Na huyo mtoto amerudi ameharibika! Zamani alikuwa mpole, mtoto wa kupigiwa mfano, analala tangu baada ya kifungua kinywa hadi ng'ombe warudi. Wageni walikuwa wakisema, "Mzee Isabelino, umelea!" Sasa amepanda mpera, ameshuka kwa kichwa, amemvalisha kuku soksi zangu, na tangu alfajiri ni kwa nini, kwa nini, kwa nini. Akipata homa mimi nilikuwa nampa robo ya kidonge cha mtu mzima, maana yeye mwenyewe ni robo ya mtu. Binti wenu kamning'iniza kwenye mizani yangu ya muhogo, kapata kilo kumi na sita, kaleta kibomba cha plastiki chenye mistari cha kupimia dawa ya maji, na kumwambia mama yake mbele yangu, "Dawa ya mtoto inafuata kilo zake, dada, haifuati mapenzi ya babu." Mbele yangu!

4. Jumapili alikuja kuchukua kinu na mchi wake. Kinu cha baba yangu. Je, chuo chenu hakina vinu?

5. Tangu hapo kila mmoja anameza vyake nyumbani kwake, kimoja kimoja, kwa saa, kama askari. Matokeo yake Crispín amerudiwa na kumbukumbu, na kitu cha kwanza alichokumbuka ni kwamba mwaka wa mafuriko nilicheza polka tatu mfululizo na mkewe. Deolinda kizunguzungu kimemtoka, ananiona vizuri, na amehamisha kiti.

6. Alhamisi akaleta wenzake kumi na mmoja na madaftari. Wakasimama uani kwangu wanajifunza. Nikasikia ninaitwa Kisa Namba Nne. Mimi, mwenye dawa kumi na nne, nipitwe na watu watatu nisiowajua? Naomba majina yao.

Kwa hayo yote tunaomba, kwanza, Liz Benegas asipewe cheti. Pili, turudishiwe kinu. Tatu, kama kinu hakipatikani, niajiriwe kitivoni kufundisha, kwa sababu wanafunzi wenu wanasoma miaka mitano kujua kwamba vidonge havitwangwi pamoja, na mimi nimelijua hilo kwa miezi mitano tu. Koti langu liwe pana mabegani.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa geti, mpishi wa chai, na yule mtu wa mifupa mnayemsimamisha darasani. Mwambie angekunywa terere na sisi angenenepa.

Ni mimi, pamoja na wenzangu wawili walioweka dole gumba,

Isabelino Cantero

N.B. Wenzangu wamesomewa, wamepiga makofi, wameenda kula. Sasa niko na kalamu tu.

Jumamosi ile Araceli hakuwa amelala. Nilikuwa nimemwita mara mbili nikidhani anadeka. Alilowa jasho na alikuwa baridi kama jiwe la kisimani, nami nikamfunika blanketi langu la poncho, nikasema mwacheni apumzike. Binti wenu ndiye aliyemgusa. Alimpaka asali ndani ya shavu kwa kidole chake, akapiga yowe mpaka pikipiki ikasimama. Hospitalini wakasema sukari ilikuwa karibu kumwishia mwilini. Angengoja ruhusa ya msimamizi wake, leo ningekuwa naandika barua kwa padre.

Na kuna hili, ambalo hata mama wa mtoto sijamwambia. Kwenye terere mmiminaji ndiye hunywa kwanza, maji yakiwa mepesi. Mmiminaji ni mimi. Wa mwisho alikuwa yeye, na unga wote hutuama chini ya jagi.

Hivi ninavyoandika amepanda meza yangu, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia barua. Ananiuliza ya nani. Ananiuliza kwa nini nalia. Mheshimiwa, hanyamazi, hanyamazi kabisa. Mpeni yule binti cheti chake.