Mashine ya Kusikia Hodi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Jumapili wazee wangu wanapeleka posa ya Hope. Safari ya pili! Mara ya kwanza walipiga hodi tatu, baba yake hakusikia, wakarudi zao kwa heshima, ndiyo desturi. Mzee Apolinari, mwalimu mstaafu, masikio yamechoka. Sasa Fredrick, naye anamtaka Hope, kamfungia kengele ya kubonyeza. Mshamba! Mtaa wetu huu wa Keko nani anabonyeza? Watu wanapiga hodi. Mie naunda mashine inayosikia hodi.

Jumatano, 16 Julai
Maiki inatoa umeme kiduchu, hautoshi kuliza kitu. Dawa nimepata: chipu ya mantiki. Yenyewe inajua ndiyo na hapana tu, na hugeuza moja kuwa nyingine. Lakini ukiunganisha mlango wake wa kutolea umeme na wa kuingizia kwa rizista, inabaki katikati, si ndiyo si hapana. Hapo kasauti kadogo tu kanaisukuma. Akili hizi, jamani! Quresh wa duka la vipuri kasema nichukue chipu ya kawaida, hii ya nguvu niliyoichagua itapiga kelele yenyewe. Nikamwambia mie si mtu wa vitu dhaifu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Wivu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeifunga kwa Mzee. Nikapiga hodi. Ikalia! Mzee katoka, shikamoo, marahaba. Ikalia tena. Mzee katoka, hakuna mtu. Katoka mara kumi na moja. Hope kaniomba nibadilishe chipu. Nikasema ni upya tu, itazoea.

Jumapili, 20 Julai
Lo! Mshenga wangu, Mzee Marijani, kapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine imelia vizuri sana. Mzee Apolinari kamwambia Hope ni lile dude tu, hainuki mtu hapa. Washenga wakageuka! Hope kawakimbiza hadi kwa mafundi vitanda, kandambili mguu mmoja, kawarudisha. Nilitaka kulia. Barua ya posa ikasomwa, dude linapiga mayowe, mshenga anarudia kila neno. Mwisho Mzee kasema hajakubali, hajakataa, kwanza niondoe kile kitu. Hope kasema chipu au yeye.

Nimetafakari. Hajakubali, hajakataa. Mzee yuko katikati! Kilichobaki ni kumsukuma kidogo. Kesho asubuhi kwa Quresh: chipu ya nguvu, ya pili.