Choroko Moja kwa Kila Kipele

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Eufrasia amekubali. Jumapili baada ya misa nifike kwake nijitambulishe kwa kaka yake, Herman. Mjane mwenye mashine ya kusaga, hapa hapa Kambarage, na kanichagua mimi. Sishangai. Nilipokuwa nachimba Bulyanhulu, mwamba ulikuwa ukisikia nakohoa unapasuka wenyewe.
Tatizo uso. Mtu mzima, chunusi za mwanafunzi. Otmar, fundi baiskeli, naye anamtaka Eufrasia. Leo kijiweni kasema, Ng'osha, dume la Kisukuma, uso wako ni magwangala, yale mawe mgodi ukishakamua dhahabu unayamwaga. Watu wamecheka mpaka kahawa ikamwagika. Nimemjibu kwamba hata kwenye magwangala watu wanapata dhahabu. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumanne
Dorah, binti wa dada yangu, naishi naye. Daktari wa ngozi alimwandikia tyubu ya chunusi. Sasa mashavu yake yanateleza kama sahani. Nimemdodosa kwa ujanja. Kasema, Mjomba, hiyo haiazimwi. Unapaka kiasi cha punje ya choroko, usiku tu, na jua unalikwepa. Mwanzo ngozi inabanduka, vipele vinazidi, unavumilia miezi.
Miezi! Mimi nina Jumapili.
Alipoingia kuoga nimeichukua. Choroko moja kwa kila kipele. Tyubu imelegea kama kiwele cha ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Alhamisi
Napaka na asubuhi pia. Uso unawaka, unabanduka kama kitunguu. Asiyechimba angeogopa. Sisi tunajua: kwanza unatoa kifusi, kisha mwamba, kisha dhahabu. Bado niko kwenye kifusi.
Dorah anatafuta tyubu yake. Nimemsaidia kutafuta. Nimewalaumu panya.

Ijumaa, Nane Nane
Siku mbaya. Nimezunguka kwenye maonyesho ya wakulima juani, kipara wazi, bila kofia, ili Eufrasia anione kwa mbali. Kufika mchana nimeiva kama nyanya ya kuoza. Otmar kaniona, akalitangazia banda zima la mbuzi kwamba nimeanza mkorogo, ng'osha mzima anajichubua. Nikataka kukana. Midomo imepasuka, ikatoka sauti ya mbuzi. Eufrasia alikuwa palepale. Kajifunika mdomo kwa kanga. Sijui alicheka au alisikitika. Vyote viwili vinaua.

Jumapili
Nimekwenda. Herman kauliza nimeungua na nini. Nikasema duara, shimo la dhahabu, lilishika moto Bulyanhulu, nikawatoa watu motoni kwa mikono hii. Eufrasia kauliza, lini, wakati juzi ulikuwa kwenye banda la mbuzi?
Kasema chunusi hazijawahi kumsumbua. Marehemu mumewe alikuwa na makovu ya tetekuwanga uso mzima na walipendana. Kinachomchosha ni mtu asiyetulia na alichopewa na Mungu. Nirudi nyumbani.
Nimerudi. Ugali sijagusa. Maisha yangu ni shimo lililochimbwa pasipo na kitu.

Jumatatu
Dorah kaikuta tyubu chini ya godoro langu. Hakunigombeza, kalia tu. Afadhali angenigombeza. Kisha kaniburuta hospitali. Daktari kanipapasa kidevu. Kasema hizi hata si chunusi, ni vipele vya wembe. Nilikuwa nanyoa vibaya. Nisipake kitu chochote usoni mpaka nipone.
Nimerudi nimejifunika taulo. Otmar kaniamkia shikamoo bibi.

Jumatano
Dorah kaleta salamu kutoka mashineni. Eufrasia kasema Herman yuko tayari kunisikiliza tena, ila niende na uso wangu wa zamani, nisiuguse. Sharti ni hilo tu. Kukaa bila kufanya kitu! Nani atanishinda? Nimeapa mbele ya Dorah, mkono juu ya rozari.
Na uso sijaugusa. Neno langu ni mwamba. Lakini kwenye tyubu aliyoitupa Dorah dawa ilikuwa imebaki. Nimeipasua kwa wembe, nikakomba yote, nikapaka kipara. Kipara si uso. Ngozi mpya ikitoka, na nywele mpya zitatoka nayo.
Kesho nashinda juani, iingie vizuri.