Bwana Hauser Ahamishwa Kimkakati

Mheshimiwa Melkizedek alipanda jukwaani Karatu mjini, akatangaza kwamba historia imefungua ukurasa mpya. Sanamu ya Bwana Hauser, mlowezi wa Kijerumani aliyesimama pale sokoni na bunduki yake tangu enzi za mababu, haiondolewi.

"Inahamishwa kimkakati," alifafanua, "kwenda makumbusho ya huko juu, Ngorongoro, ikatafsiriwe upya kwa njia shirikishi."

"Kwani siku zote ilikuwa inasema nini?" aliuliza Selestina, muuza vitunguu.

Watu wakaangua kicheko. Melkizedek, mwenyekiti wa kamati ya tafsiri, alikipokea kama maoni ya wadau.

Sanamu ikapakiwa kwenye Fuso. Melkizedek akakaa mbele na dereva, njia nzima anafanya mazoezi ya hotuba ya makabidhiano. Kwenye geti la hifadhi Melkizedek akashuka. Nasha, askari wa zamu, akasoma kibali alichokisaini Melkizedek mwenyewe.

"Imeandikwa: sanamu, maelezo yake, na dereva. Maelezo yako wapi?"

"Yako kwenye mchakato, binti."

"Basi hampiti."

Pembeni, mzee Simel wa Olbalbal, kijiji cha ndani ya hifadhi, alikuwa amekalia mabati yake. Alitaka kuezeka nyumba kabla ya mvua, lakini tangu juzi yamezuiwa pale kwa kukosa kibali. Akainuka, akaikagua sanamu kuanzia kofia hadi buti.

"Huyu namjua. Alichukua ng'ombe wote wa babu yangu, akasema ni kodi ya nyasi."

Nasha akamgeukia Melkizedek. "Hayo ndiyo maelezo?"

Melkizedek akawaza kamera zinazomsubiri makumbusho. "Ndiyo," akasema kwa mamlaka yake yote. "Maelezo rasmi."

"Na mabati?"

"Ya kuezekea maelezo," alijibu Simel. "Yasinyeshewe."

Nasha hakutabasamu. Akagonga muhuri. Mabati yakalazwa miguuni pa Bwana Hauser, Simel akapanda mbele, akafunga mlango. Melkizedek akashika kitasa, akitaka afunguliwe.

"Mheshimiwa, wewe unakwenda kama nani?" aliuliza Nasha. " Sanamu ipo, maelezo yapo, dereva yupo."

"Mimi ni mwenyekiti wa tafsiri!"

"Si imeshatafsiriwa?"

Fuso likaunguruma, likamezwa na ukungu. Melkizedek akabaki wima kando ya geti, suti imelowa umande, hotuba mkononi, uso umemshuka. Kurudi Karatu aliona aibu. Kwenda mbele hakuruhusiwa. Likasimama gari la watalii. Mzungu mmoja akampiga picha, kisha akamuuliza Nasha yule ni nani.

"Huyo," alisema Nasha, "bado hajatafsiriwa."