Utetezi wa Goti la Babu Dhidi ya Podo Kuukuu

Kwa Babu Fernand Cyr,
Mwenyekiti wa Kichanja cha Mtini, Nyuma ya Shamba la Viazi.

Babu mheshimiwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi, ambaye huambiwa kila kitu, na asipoambiwa hujua. Kilichopiga kelele Jumamosi ile tukiwinda kichanjani, hata yule kulungu wa pembe zenye ncha nane akageuka na kutuonyesha mkia mweupe, hakikuwa goti lako. Ulikuwa mshale wangu. Ulichomoka kwenye podo, ukagonga ngazi ya chuma, ko! Nawe ukalitazama goti lako la kushoto kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyeiba nyama. "Lisamehe, mjukuu wangu," ukaninong'oneza. "Lina miaka sabini na miwili." Nami nikajibu, "Si kitu, Babu."

Naandika kwa sababu uso kwa uso siwezi. Kiingereza cha shule kinajua kulalamika, lakini wewe hakikujui. Kifaransa cha nyumbani kinakujua mno. Nikifungua mdomo tu, nitalia. Basi nimeandika kwa hiki cha nyumbani, nikikiazima adabu za kile cha shule. Malalamiko yangu ni haya:

1. Goti lilihukumiwa bila shahidi. Tangu siku hiyo limefungwa flaneli na kuchuliwa dawa inayonuka hadi kwenye chapati za ploye za asubuhi. Mjomba Réjean analiita kengele ya kanisa. Nalo limenyamaza, halijamtaja mtu.

2. Podo, mhalifu mwenyewe, linaning'inia ukutani, limefungwa ubavuni mwa upinde, limestarehe. Ulilinunua pamoja na huo upinde ulionirithisha, enzi za mishale ya alumini, minene kama kidole. Hii ya kaboni aliyoninunulia Mama nilipotimiza miaka kumi na mitano ni myembamba kuliko penseli. Wewe mwenyewe uliiona ukauliza, "Hii mishale au tambi? Ilinyimwa maziwa?" Vishikizo vya mpira vya podo vinaishika mithili ya mtu aliyevaa glavu kushika sindano.

3. Nimejitahidi. Nilizungushia mishale utepe. Ikabana hata nikitaka kuchomoa mmoja nauvuta upinde mzima. Nikajaribu utomvu wa msonobari. Mshale ukakubali kukaa kwenye podo, kisha ukakubali kukaa kwenye glavu yangu, kisha kwenye nywele. (Ndiyo maana nilikata nywele. Mama anadhani ni fasheni.) Mwishowe nikachukua ile mipira ya vifuniko vya mitungi ya achari ya Bibi, sita. Ilifaa siku mbili. Kwa hiyo matango yaliyooza, ambayo kwa ajili yake Bibi anamlaani mwenye duka aliyemuuzia siki, hayo nayo ni dhambi ya podo.

4. Na hili ndilo kubwa. Juzi mezani ulitangaza, "Jumamosi ya mwisho wa msimu, Réjean atakaa na mtoto. Mimi nimemnyima kulungu wake wa kwanza, sitamnyima tena." Ukaendelea kupaka siagi. Babu, sheria ya uwindaji inataka mtoto wa umri wangu akae na mtu mzima. Haikusema awe redio. Mjomba Réjean huongea hata akitafuna. Kulungu wa bonde hili wanamjua kwa sauti, pengine na kwa jina la ubatizo.

Kwa hiyo naomba goti liachiliwe huru leo hii, na flaneli ivuliwe. Podo lishtakiwe. Ikishindikana kulitia adabu podo, basi mishale ilishwe ploye na siagi hadi inenepe kama ya zamani. Kulungu naye aitwe Jumamosi alfajiri, kesi isikilizwe upya mahali ilipotokea. Na wewe uwepo, ukae pale pale upande wangu wa kushoto. Hilo la mwisho ndilo ombi; mengine nimeyapanga mbele ili lisione haya.

Nisalimie goti. Msalimie Bibi, ila matango usiyataje. Mjomba Réjean msalimie kwa kifupi, ingawa yeye kwa kifupi hatajibu.

Ni mimi mjukuu wako, mtiifu isipokuwa mara ile,
Odile

Baada ya sahihi: Nimetafuta bahasha kwenye koti langu la kuwindia, nikakuta kile kipande kipya cha mpira wa podo, chenye matundu membamba, ulichonipa Agosti. Ulisema, "Kibadilishe kabla hatujapanda mtini. Dakika mbili tu." Sikukibadilisha. Kile cha zamani kina herufi zako ulizochonga kwa kisu, na niliona nikikitoa upinde utakuwa wangu peke yangu. Sikuwa tayari. Podo halina kosa, na hilo la nne nimejiletea mwenyewe kwa kukuficha. Nafuta namba mbili, tatu na nne.

Jioni hii nimeificha karatasi hii mara mbili chini ya daftari la hesabu. Sasa kuna mtu anapanda ngazi, na kila kidato goti linalia, ko, ko. Linalia kweli, Babu! Ng'ambo ya mto, huko Kanada, kulungu wamesimamisha masikio. Namba moja nayo naifuta.

Karatasi iko juu ya meza, wazi. Mlango sijaufunga. Lile ombi la mwisho silifuti.